Tunaiita Dawa

Nyumbani kwetu tunaiita dawa. Mgeni akiwa sebuleni na mimi nimechelewa kutoka chooni, mama humwambia, "Anatumia dawa yake, anakuja sasa hivi." Mdogo wangu wa mwisho akiniona nafunga begi la safari huuliza, "Dawa umeweka?" Hata shangazi yangu, ambaye hawezi kuvumilia bahasha iliyofungwa, hajawahi kuuliza ni dawa gani hiyo inayotumiwa chooni mara 5 kwa siku. Neno limetosha.

Ukweli ni kwamba hakuna dawa. Kuna mpira mwembamba wa plastiki, namba 12, wenye tundu karibu na ncha. Naupaka jeli, naupitisha kwenye njia ya mkojo mpaka uingie kwenye kibofu, mkojo unatoka wenyewe, ukikatika nauchomoa taratibu. Kwa mwanamke njia yenyewe ni fupi, sentimita 4 hivi. Kwa mwanaume ni ndefu, karibu sentimita 20, na ina kona. Nataja urefu huo mapema kwa sababu kuna mtu nilipaswa kumtajia na sikumtajia.

Nilikuwa na miaka 24, mwaka wangu wa kwanza kazini, nafundisha Kiswahili sekondari, nilipougua kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wengi wanakijua cha mapafu. Vijidudu ni vile vile, ila vyangu vilikaa kwenye pingili za mgongo, vikazila, uvimbe ukabana uti. Nilimeza vidonge mwaka mzima. Miguu ilirudi, si yote, lakini inatosha kusimama mbele ya darasa. Anayeniona anadhani nimetegua nyonga. Kibofu hakikurudi. Mishipa ya fahamu inayokiambia ubongo kwamba kimejaa, na ile inayoleta amri ya kukamua, ilikatika mawasiliano.

Nesi aliyenifundisha alikuwa mama mtu mzima, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Alivuta pazia, akanipa kioo cha mkononi, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Kisha akataja kila kitu kwa jina lake. Hapa juu kinembe. Hapa ndipo mkojo unapotokea. Hapa chini uke, ukiingiza huku hutapata kitu, usihangaike, uache hapo hapo ili usikosee tena, chukua mwingine. Nilitamani sakafu ipasuke nipotelee humo. Yeye aliendelea kama mtu anayemwelekeza mwenzake namna ya kusuka mkeka. Siku ya tatu niliweza bila kioo. Wakati naondoka akanishika mkono: "Mwanangu, usisubiri kubanwa. Wewe hutabanwa tena. Kibofu chako hakina kengele, tazama saa."

Baadaye nilijisomea, nikajua alichonifundisha kina historia, na kwamba kimewahi kuwa uasi. Huko Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann, yule yule aliyeanzisha michezo iliyozaa Paralimpiki, aliwatoa mkojo majeruhi wa uti wa mgongo kwa mpira wa kuingiza na kuchomoa, lakini kwa masharti ya chumba cha upasuaji: vifaa vilivyotakaswa, glavu, daktari. Masharti hayo huwezi kuyabeba kwenda nayo nyumbani. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha maoni kwamba mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe kwa mikono iliyooshwa na mpira uliooshwa. Safi inatosha, alisema. Si lazima kisiwepo kijidudu hata kimoja. Hoja yake ilikuwa hii: kibofu kikiachwa kitanuke kupita kiasi, damu haifiki vizuri kwenye ukuta wake, na nyama isiyopata damu haina nguvu ya kupigana na vijidudu. Adui mkubwa ni mkojo uliolala. Afadhali mpira uliooshwa tu lakini kwa wakati, kuliko mpira uliotakaswa unaokuja umechelewa.

Mimi naishi ndani ya hoja hiyo. Mara 5 kwa siku ni mara 150 kwa mwezi, na mshahara wa mwalimu hauwezi kununua mipira mipya 150 kila mwezi. Kwa hiyo naosha kwa sabuni na maji tiririka, nakausha, natunza kwenye kopo lenye kifuniko, na mpira ukianza kuwa mgumu au mweupe natupa. Nasema ninavyofanya, kila mtu na daktari wake. Siku za kusimamia mitihani ya saa tatu ndizo mbaya. Walimu wenzangu wanaamini nina maringo kwa sababu siachi mkoba wangu ofisini hata nikienda ubaoni. Wacha waamini.

Sasa nimfikie Dogo. Sitamtaja jina, Dogo ndivyo walivyomwita wenzake kijiweni alipokuwa akiendesha bodaboda. Tulikutana kwenye mazoezi ya viungo, tumekaa benchi moja, mimi na fimbo yangu, yeye kwenye kiti cha magurudumu, mama yake pembeni. Alikuwa na miaka 22 na alikuwa amevunjika mgongo miezi mitano kabla. Kwa miezi hiyo alikaa na mpira wa kudumu wenye mfuko, na wiki ile ndiyo kwanza ulikuwa umetolewa. Alionyeshwa kupitisha mwenyewe mara moja tu, asubuhi ya kuruhusiwa, akapewa mipira michache na karatasi. Niliiona mipira ile kwenye mapaja yake, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, na nikaona jinsi alivyoufunika kwa kofia yake. Nikainama nikamnong'oneza: "Hata mimi natumia dawa hiyo."

Unaona. Neno lilitoka lenyewe.

Uso wake ulifunguka. Mtu aliyekuwa anadhani yuko peke yake duniani alimkuta mwalimu wa sekondari, amevaa vizuri, ananukia, anatumia dawa hiyo hiyo. Tulibadilishana namba. Usiku ule alinitumia picha ya karatasi yake. Iliandikwa kwa Kiingereza, kama zote. Kuhusu kibofu palikuwa na herufi tatu, CIC, na mbele yake 4-6 na herufi moja ndogo. Akaandika: "Dada mwalimu, hapa wamesema nini?"

Asubuhi yake nilimjibu kwa ujumbe wa sauti. Nilikuwa ofisi ya walimu, mwenzangu anasahihisha madaftari meza ya pili. Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi tangu hapo. Una sekunde 40. "Mdogo wangu, hiyo karatasi inaongelea ile dawa yako tu, usiogope. Unaiosha kwa sabuni, unaacha ikauke, unaitunza pasafi. Halafu unatumia kama walivyokuonyesha pale. Usiache kutumia kila siku, sawa?" Akajibu, "Sawa dada mwalimu, nimekusoma. Mungu akubariki."

Alinisoma kweli. Tatizo ni nilichoandika.

Dawa, kwa mtu yeyote aliyekulia hapa, ina kanuni zake. Imeandikwa kwenye kila bahasha ya duka la dawa: kutwa mara mbili, kutwa mara tatu. Dogo aliulizia kwa mama yake, mama yake akakumbuka kwamba dawa nyingi walizotoka nazo hospitali zilikuwa asubuhi na usiku. Basi ikawa asubuhi na usiku. Alifungua kibanda cha wakala wa fedha za simu barabarani, akakaa hapo kutwa. Katikati ya mchana mkojo ulivuja wenyewe, kama maji yanavyofurika kwenye ndoo iliyojaa, akavaa pampasi na kuamini kwamba kuvuja ndiyo ugonjwa na kwamba dawa itauponya pole pole. Ili kuvuja kupungue akapunguza maji ya kunywa. Kila hatua aliyoichukua ina mantiki ukianzia kwenye neno nililompa. Aliosha mpira wake vizuri kuliko mimi. Mama yake aliniambia alikuwa anaukausha juu ya kitambaa cheupe alichokinunua kwa kazi hiyo tu.

Miezi saba baadaye alianza kutetemeka kwa homa. Nilipofika wodini alikuwa na dripu, midomo imekauka. Utrasaundi ilionyesha figo zote mbili zimejaa maji; mkojo uliokosa pa kwenda ulikuwa umerudi juu. Daktari kijana alipita tukiwa pale, akamuuliza anapitisha mpira mara ngapi kwa siku.

"Kutwa mara mbili, dokta. Asubuhi na usiku. Sijawahi kuruka dozi."

Daktari akakunja uso. Dogo akageuka kuniangalia, kwa kujiamini kabisa, kama mwanafunzi aliyejibu na anasubiri mwalimu athibitishe. "Si ndiyo, dada?"

Alipona homa. Figo moja imerudi karibu na ilivyokuwa. Nyingine haijarudi.

Mama yangu ananiambia mimi si daktari, kwamba nilimsaidia mtoto wa watu kwa nia njema na mengine ni mapenzi ya Mungu. Wenzangu wachache ninaowaamini wananihesabia wengine wa kulaumiwa: walioonyesha mara moja na kuaga, walioandika karatasi kwa lugha ambayo mgonjwa haijui, serikali, umaskini, na Dogo mwenyewe ambaye hakuuliza mara ya pili. Orodha ni ya kweli. Lakini nikiipitia yote nabaki na jambo moja ambalo hawanalo wale wengine. Mimi nilijua. Nilikuwa na sentensi ya yule mama wa miwani, tazama saa, mdomoni mwangu, na niliimeza kwa sababu mwenzangu alikuwa anasahihisha madaftari meza ya pili.

Sikudanganya. Nimeligeuza hili sana. Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, alikataza uongo hata kwa muuaji anayeuliza mlangoni rafiki yako kajificha wapi. Naye angepekua sekunde zangu 40 asikute uongo. Kiswahili chenyewe kinanitetea. Tuna dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya meno, na dawa ya moto ni moto. Chochote kinachoondoa tatizo ni dawa, na mpira unaondoa tatizo. Kwa kipimo cha ukweli na uongo nimeshinda kesi. Ndiyo maana nadhani kipimo hicho hakitoshi.

Kila mwaka nafundisha tafsida. Naandika ubaoni kwamba ni tamathali ya semi inayopunguza ukali wa maneno ili kutunza adabu, na mfano wa kwanza ninaoutoa, kama alivyonipa mwalimu wangu, ni kwenda haja ndogo. Wanafunzi hucheka. Mwaka huu nilisimama na chaki mkononi mbele ya mfano ule nikashindwa kuendelea kwa muda. Kitu ambacho hatukiandiki ubaoni ni kwamba ukali unaopunguzwa una mwenyewe. Mama anapomwambia mgeni "dawa", anayelindwa ni mimi: mwili ni wangu, siri ni yangu, na mgeni hana atakachokosa kwa kutojua. Nilipomwambia Dogo "dawa", mwili ulikuwa wake, na yeye ndiye aliyehitaji kujua. Niliyemlinda alikuwa mimi tena. Nilitaka nisisikike nikitamka "uume" ofisini. Mwanamke, mwalimu, asubuhi, chai iko mezani.

Labda unasema, na nimesema mwenyewe: adabu zetu ndizo zilivyo, dada hamfundishi kaka mambo ya huko. Kuna barua moja ya mwaka 1752 ambayo hunijia nikifikiria hivyo. Benjamin Franklin, huyu mwenye uso kwenye noti ya dola 100, alikuwa na kaka aitwaye John aliyekuwa Boston, mgonjwa wa mawe ya kibofu. John alitamani mpira unaopinda. Franklin alikwenda kwa sonara, akamwelekeza atengeneze bomba la fedha lenye kupinda, akakaa pale pale mpaka likaisha, akalituma pamoja na maelezo ya namna ya kulipaka mafuta na la kufanya likiwa laini mno. Wanaume wawili, ndugu, karne ya 18, kwa hiyo mazingira si yangu. Kinachonigusa ni kule kukaa kwa sonara. Alitaka kifaa kimfikie ndugu yake kikiwa na kila alichojua.

Lakini sihitaji kwenda Philadelphia. Bibi yangu ni Mluguru, na kwa Waluguru kama kwa Wazaramo na watu wengi wa pwani, msichana akivunja ungo anawekwa ndani na anapewa mtu wa kumfundisha. Huko ndani hakuna tafsida. Kungwi anataja, anaonyesha, anaimba, anarudia mpaka mwali ashike, na akitoka nje mwali huyo huyo anatarajiwa asitamke hata moja ya maneno hayo mbele ya watu. Tulipokuwa chuo tulizoea kuusema unyago kwa dharau, na yapo ndani yake ambayo hata sasa nayapinga. Ila waliotunga mpango ule walijua kitu: jamii yenye adabu kali ya maneno lazima iwe na chumba kimoja na mtu mmoja ambaye adabu hiyo haimfungi, la sivyo watu watadhurika kwa kutojua. Kwa ndoa tuliweka kungwi. Kwa uzazi tulikuwa na mkunga. Kwa mwili uliovunjika katikati, wa kijana wa miaka 22, hatukuweka mtu. Yule nesi wa miwani alijiweka mwenyewe. Mimi nilipewa kigoda kile kile nikakaa upande wa nje wa pazia.

Dogo aliporuhusiwa, nesi wa kiume alikuwa ameshamfundisha upya wodini, safari hii kwa siku nne. Hata hivyo niliomba niende kwao nirudie. Mama yake akaweka mkeka nje, mlango ukaachwa wazi nusu, pazia likashushwa. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo, sitanii. Nikasema: uume. Nikasema unaushika ukiuelekeza juu, kuelekea tumboni, ili kona ya kwanza inyooke. Nikasema njia ni sentimita 20 hivi, kwa hiyo usishtuke mpira ukiendelea kuingia. Ukifika mahali unagoma, huo ni mlango wa kibofu, umejikaza. Usisukume kwa nguvu, vuta pumzi, kohoa kidogo, subiri. Dogo alikuwa anatazama kalenda ukutani, shingo imekakamaa. Mimi nilikuwa natazama kalenda ile ile. Nje mama yake alikohoa, akaanza kufagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa.

Tukapanga saa. Saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni, saa 3 usiku, na mara ya mwisho saa 6 usiku. Nikamwambia akinge kwenye chupa ya maji ya nusu lita; ikijaa, ujue umechelewa. Anywe maji, hata kama anaogopa.

"Kumbe ni saa," alisema. "Mimi nilijua ni dozi."

Nilimwambia nisamehe. Akasema hakuna neno, dada. Sijui kama amenisamehe au alitaka tu tuendelee, kwa sababu alikuwa na swali kubwa zaidi: ya saa 5 na ya saa 10 atafanyia wapi, na kibandani hakuna choo? Tulizunguka nalo kwa nusu saa. Nyuma ya kibanda chake kuna saluni, na mwenye saluni ana choo kinachofungwa kwa kufuli. Kizingiti kinaweza kuwekewa ubao. Ila ufunguo lazima uombwe, mara mbili kwa siku, siku zote, na mwenye saluni atataka kujua sababu.

Wiki iliyofuata nilimpigia simu, nikamuuliza limeishaje la choo.

"Limeisha vizuri," alisema. "Nimemwambia yule mama nina dawa natumia."

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikamuuliza kama ufunguo anaupata kwa wakati.

"Naupata. Saa 5 akichelewa, huwa ananiita mwenyewe."